Mama hakuwa mnene

"Mjomba, kumbe bibi alikuwa bonge!"

Mpwa wangu ana miaka tisa na hakumjua mama yangu. Tulikuwa sebuleni kwa dada, Tabata, watu kumi na tatu tumebanana mbele ya runinga ya inchi 55, tunatazama harusi ya mama mdogo iliyofanyika Ngamiani, Tanga, mwaka 1998. Mkanda wenyewe ni wa VHS. Ulikaa juu ya kabati miaka zaidi ya ishirini ndani ya mfuko wa rambo, mpaka dada alipoupeleka kwa fundi Kariakoo auhamishie kwenye flashi. Kwa hiyo siku ile mtoto alimwona bibi yake kwa mara ya kwanza akitembea, akicheka, akicheza. Na alichokiona ni mama mnene mwenye mashavu yaliyotuna.

Mama hakuwa mnene. Mwaka 1998 mama alikuwa ameisha. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja na ushee, na watu wazima wote waliokuwa kwenye harusi ile walilijua hilo. Ule wembamba wake ndio habari nzima ya mkanda ule: anacheza akiwa hana nguvu za kucheza, kwa sababu anayeolewa ni mdogo wake wa mwisho. Sasa fundi ameuchukua mwili ule akauongezea theluthi moja ya upana, na mgonjwa wetu akapona kwenye skrini. Wapo waliofurahi, sifichi. Dada mwenyewe alisema, "Afadhali hivi." Mimi nilitoka nje nikakaa barazani.

Baada ya dakika kama arobaini wakaniita nirudi, nikakuta maajabu mengine. Bibi amekonda ghafla. Katikati ya harusi moja, gauni lilelile, mtu kaingia mnene chumbani katoka mwembamba. Mtoto akauliza kama huyu ni bibi mwingine. Hapo nikajua kuwa mkanda umepitia mikono miwili: wa kwanza ameivuta picha, wa pili ameikata.

Nilikwenda Kariakoo Jumatatu yake. Sitalitaja duka, halina kosa ambalo maduka mengine hayana. Kijana niliyemkuta alikuwa mpole, na alinijibu kama mtu ambaye ameshaulizwa swali hilo na wachache na kupongezwa na wengi. "Braza, wateja hawaitaki ile mistari myeusi pembeni. Wanaona kama tivii imekufa upande. Mtu kanunua inchi 55, anataka inchi zake zote. Ukimwachia nyeusi anarudisha flashi, anataka hela yake." Kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa: "Sisi tunakujazia skrini bila kukuchaji."

Makala haya yote ni ugomvi na sentensi hiyo moja. Kijana mwenyewe sina ugomvi naye, ana kodi ya fremu ya duka ya kulipa. Nina ugomvi na imani kwamba skrini isiyojaa ina upungufu, na kwamba kilichopigwa zamani kina deni la kulipa kwa kioo cha leo.

Tuanze na hesabu, maana wengi wetu hatujawahi kuifanya. Kamera za mkanda za miaka ya 80 na 90, ziwe za VHS, Video8 au Hi8, zilipiga picha ya uwiano wa nne kwa tatu: kila upana wa nne, kimo cha tatu. Runinga za siku zile zilikuwa na umbo hilohilo. Runinga za sasa ni kumi na sita kwa tisa. Ukitaka picha ya zamani ijae kwenye kioo cha sasa una njia mbili tu. Ya kwanza ni kuivuta kwa upana, na hapo kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja: watu, magari, minazi. Ya pili ni kuikuza mpaka upana ujae, halafu kukata kinachozidi juu na chini. Kinachokatwa ni robo ya picha. Soma tena: robo. Kwenye mkanda wa saa tatu, umetupa robo ya kila sekunde.

Kuna njia ya tatu, ya kuiacha picha jinsi ilivyo, isimame katikati, na pembeni pabaki peusi. Hiyo ndiyo ninayoitetea, na ndiyo inayoonekana ni ya kivivu, eti fundi hakumaliza kazi.

Kuvuta ni rahisi kukamata. Tafuta kitu cha duara kwenye picha: dufu, sinia la pilau, saa ya ukutani, gurudumu la baiskeli. Duara likiwa yai lililolala, umedanganywa. Na mara nyingi fundi hata hakukusudia. Picha ya PAL ikiingizwa kwenye kompyuta ina pikseli 720 kwa 576, na vipimo hivyo ni vilevile iwe imepigwa nne kwa tatu au kumi na sita kwa tisa. Tofauti ni alama ndogo tu ndani ya faili inayoiambia programu pikseli hizi zitanuliwe kiasi gani. Programu ikiikosea alama hiyo, au mtu akabofya chaguo lisilo lake, ukoo mzima unanenepa kwa mpigo. Kosa la sekunde moja. Lakini likishahifadhiwa kwenye flashi, likanakiliwa kwenye simu za mashangazi na kurushwa kwenye kundi la familia, ndiyo historia hiyo.

Kukata ni kubaya zaidi kwa sababu hakuonekani. Sura ziko sawa, duara ni duara, wala hakuna anayelalamika. Mimi mwenyewe nisingejua kilichopotea kama kijana yule asingekuwa bado na mkanda wetu. Aliutoa kwenye boksi la sabuni lililojaa mikanda ya watu ambao hawakurudi kuichukua. (Lile boksi nimeliota mara mbili tangu siku ile. Harusi, maulidi, ubarikio, mahafali, zote zinasubiri gari la taka.) Nikaupeleka kwa mwenzangu wa zamani kazini ambaye bado ana deki inayokubali kula mkanda, tukaunakili upya, nne kwa tatu, bila kuugusa.

Fundi wa pili alikuwa amefanya jambo lenye akili. Badala ya kukata nusu juu na nusu chini, alikata yote chini, ili aokoe vichwa. Ndivyo ungefanya wewe, na ndivyo ningefanya mimi. Nani anataka bi harusi asiye na kilemba? Basi sasa fikiria, msomaji, kwenye harusi ya Tanga mwaka 1998, chini ya picha kuna nini.

Kuna majina ya kanga. Nyie mnaosoma hapa mnajua vizuri kwamba jina la kanga ni fasihi, pengine ndiyo fasihi iliyosomwa na watu wengi kuliko riwaya zote tunazozichambua. Linakaa chini ya vazi, juu kidogo ya pindo. Mpiga video wa mtaani alimpiga mama toka kilemba hadi miguuni, kwa sababu alikuwa wa kwao na alijua kuwa mwanamke anayecheza na kanga mpya anasomwa. Kwenye flashi, mama anakatikia magotini na maneno hayapo. Kwenye mkanda, yapo: NIMESIKIA, SINA HARAKA YA KUJIBU. Ilibidi mama mdogo anieleze. Lilikuwa jibu kwa wifi mmoja, kuhusu maneno yaliyokuwa yakisemwa juu ya ugonjwa wa mama. Wifi mwenyewe yumo kwenye picha, upande wa kulia, anapiga makofi huku anatazama pembeni. Yote hayo yamo kwenye sekunde kumi na moja. Ukikata robo ya chini unabaki na mwanamke anacheza na mwanamke anapiga makofi.

Na kuna watoto. Nani hukaa chini harusini? Watoto, mkekani, mbele ya kila mtu, maana walifukuzwa kwenye viti. Katika ile sehemu ya pili ya flashi, harusi yetu haina watoto kabisa, ni sherehe ya watu wazima tu. Kwenye mkanda tupo kumi na wangapi hivi, vichwa tu, safu nzima ukingoni mwa picha.

Utaniambia hayo ni mambo ya nyumbani, mambo ya mikanda ya harusi, wakubwa hawafanyi hivyo. Wanafanya sana. Disney ilipofungua huduma yake ya mtandaoni Novemba 2019, iliweka vipindi vya zamani vya The Simpsons, vilivyochorwa kwa nne kwa tatu, vikiwa vimekatwa kuwa kumi na sita kwa tisa. Kuna kichekesho kimoja maarufu kwenye kipindi cha 1993: kiwanda cha bia kina matangi matatu yenye majina matatu ya bia tofauti, na juu yake bomba moja tu linaloyajaza yote matatu. Picha ilipokatwa, bomba likapotea. Yakabaki matangi matatu na ukimya. Watu walipiga kelele, na Mei 2020 kampuni ikarudisha chaguo la umbo la zamani. Kumbuka, hao wana pesa, wanasheria na watazamaji wa dunia nzima wanaokijua kila kichekesho kwa kichwa. Mkanda wa Ngamiani una nani wa kuupigia kelele?

Hapa kwetu, kila ikifika Oktoba 14 nawasha runinga na kumwona Mwalimu Nyerere ametandazwa, mabega kama ya mnyanyua vyuma. Mtu aliyekuwa mwembamba vile! Hakuna anayesema kitu. Tumeshazoea kuwa wafu wetu ni wapana.

Hoja ninayokutana nayo zaidi kwa wasomi wenzangu ni kwamba fomu si kitu, cha muhimu ni maudhui: ameonekana mama, amecheza, inatosha. Ajabu ni kwamba wanaosema hivyo ni watu wa ushairi. Tumesoma sote ule mgogoro wa miaka ya 70, Kezilahabi na Kichomi yake ya 1974, vina na mizani viwepo au visiwepo. Mimi niko upande wa Kezilahabi na nitafia hapo. Lakini sijapata kusikia mwanamabadiliko hata mmoja, katika joto lote lile, aliyependekeza tuchukue mashairi ya Shaaban Robert, tung'oe kina cha kati, tupunguze mizani nne kila mshororo, halafu tuyachape upya yafanane na wakati. Waliotaka shairi huru walikaa wakaandika shairi huru. Za wazee waliziacha na mizani zake kumi na sita, maana ukiuondoa mshororo kwenye mizani yake unakuwa umeandika kitu kingine na kukibandika jina la marehemu.

Kwenye video tunalifanya jambo hilohilo kila siku na kuliita huduma.

Umbo la nne kwa tatu wala halikuwa umaskini wa teknolojia. Limetokana na filamu za mwanzo kabisa, tangu William Dickson alipokuwa akimfanyia kazi Edison miaka ya 1890, na sinema iliishi nalo, kwa tofauti ndogo, zaidi ya nusu karne. Picha pana ilishika kasi miaka ya 50, Cinerama mwaka 1952 na CinemaScope mwaka uliofuata, kwa sababu sinema iliogopa runinga na ilihitaji kuuza kitu ambacho hakikuwepo sebuleni. Nayo kumi na sita kwa tisa ilibuniwa na wahandisi miaka ya 80 kama suluhu, umbo la katikati ambalo maumbo mengine yote yangeweza kukaa ndani yake. Tafadhali lisome hilo tena: kukaa ndani yake. Weusi wa pembeni ulikuwemo kwenye mpango toka siku ya kwanza. Ndiyo maana mwaka 2013 Pawlikowski alipotengeneza Ida aliichagua nne kwa tatu kwa hiari yake, na hakuna aliyekwenda kumdai inchi zake.

Nakubali kwamba kuna kukata kwenye heshima. The Wire ilirushwa kwa nne kwa tatu kuanzia 2002, na HBO ilipoitoa upya kwa picha pana mwaka 2014, mtunzi wake David Simon alihusishwa na akaandika waziwazi wapi ilipata na wapi ilipoteza. Lakini tofauti ni kubwa. Ile ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, na kwenye negativi kulikuwa na picha zaidi pembeni, iliyokuwa imefichwa. Iliweza kufunguliwa. Mkanda wa VHS hauna kitu pembeni. Ukingo wa picha ndio mwisho wa dunia. Chochote unachoongeza ni cha kuvuta au cha kubuni.

Na picha yenyewe haina akiba ya kutoa. Katika mistari 576, ukikata robo unabaki na 432, halafu unaitandaza hiyo kwenye kioo cha mistari 1080. Ni kama kuchukua kikombe cha chai, kumwaga robo, kisha kujazia maji ifike jagi. Zaidi ya hapo, picha ya mkanda inaandikwa kwa kupishana mistari, nusu mara hii na nusu mara ijayo, mara hamsini kwa sekunde. Ukiikuza kabla ya kuzipatanisha nusu hizo, kila mkono unaopungwa unaota meno ya kitana. Mama yangu ana meno hayo kwenye vidole, kwenye flashi ya dada.

Siku hizi imeingia fasheni nyingine: wanachukua picha hiyohiyo, wanaikuza, wanaitia ukungu, wanaiweka nyuma, halafu picha halisi inakaa katikati. Mashabiki wake wananiambia hapo hujapoteza kitu. Kweli, hujapoteza. Ila pembeni kuna wafu wawili wa ukungu wanaotikisika kila marehemu anapotikisika. Nipeni weusi wangu. Weusi hauzungumzi wakati mtu mwingine anazungumza.

Kwa fundi, kama unasoma, na najua wapo wanaosoma, ombi langu halikugharimu hata shilingi. Programu yoyote ya kuhariri ina mahali pa kuchagua picha itoshee au ijaze. Chagua itoshee. Hakikisha umeiambia kuwa pikseli hizi ni za nne kwa tatu. Mpe mteja faili lisiloguswa, na akitaka la kujaza mpe kama la pili, umwambie kwa mdomo kilichokatwa. Na ule mkanda mrudishie mkononi, hata kama anasema hauhitaji. Ukiwa unatengeneza filamu mpya ya familia, ya kuchanganya za zamani na za simu, na lazima ukate, basi kata tukio kwa tukio, ukishusha na kupandisha picha kufuata kilichomo, usiweke kipimo kimoja ukaenda kunywa chai. Nanyi wateja, kabla ya kumlaumu fundi, shikeni rimoti. Runinga nyingi zina kitufe kinachovuta picha bila kumwuliza mtu, na nimekikuta kimewashwa kwenye nyumba za watu walioapa kwamba faili lao ni bovu.

Kwa sababu hakuna mwisho wa kujaza. Wiki iliyopita binamu aliniomba kipande cha mama akicheza, akiweke stetasi siku ya kumbukumbu yake. Simu inataka picha ya kusimama, tisa kwa kumi na sita. Nikapiga hesabu kwa lile faili la Kariakoo: ukiikata tena, kinachobaki hakifiki robo ya kilichopigwa na kamera. Mama uso na bega, basi. Wifi hayupo, kanga haipo, ukumbi haupo. Nikamtumia ya mkanda, nne kwa tatu, ndogo, weusi juu na chini. Akajibu, "Mbona kadogo hivyo?" Nikamwambia azungushe simu. Hajajibu mpaka leo, lakini ameiweka.

Mpwa wangu naye nilimwonyesha ile mpya, kwenye runinga ileile, na ile nguzo nyeusi kila upande. Hakuiulizia. Alitazama kimya mpaka kwenye kanga, akaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, jinsi wanavyosoma watoto wa darasa la tatu. Kisha akauliza kwa nini bibi amekonda. Mama yake akanitazama. Nikamwambia alikuwa anaumwa. "Na alicheza?" Nikamwambia ndiyo, alicheza nyimbo mbili, ya tatu akakaa. Akasogea mpaka karibu na kioo, akaweka kidole ukingoni kabisa, chini kushoto, kwenye kichwa cha mtoto aliyenyolewa vibaya, masikio yametoka kama vishikio vya sufuria.

"Mjomba, huyu nani?"